Kumpeleka Mama Mkwe Biltmore Wakati wa Krismasi: Saa ya Kwenda na Mambo ya Kumsimulia

Msomaji anayeishi Greensboro, North Carolina, ameuliza hivi: "Mama mkwe wangu anatoka Marangu na atakuwa kwetu Desemba yote. Ana miaka 71, ni mwalimu mstaafu, na magoti yanamsumbua. Tungependa kumpeleka Asheville akaone jumba la Biltmore lilivyopambwa kwa Krismasi, pamoja na watoto wetu wawili wa miaka sita na kumi. Mume wangu anasema kwamba hiyo ni nyumba ya tajiri iliyojazwa miti na taa, na kwamba fedha za tiketi zingefaa zaidi kwa zawadi. Je, safari hii inafaa? Twende mchana au usiku? Na nimsimulie nini Mama, maana hapendi kuzungushwa mahali asipopaelewa?"

Dada yangu, nendeni. Chagueni siku ya katikati ya wiki, mkate tiketi ya mchana yenye saa ya kuingia ndani ya jumba kati ya saa nane na nusu na saa tisa alasiri, na ile tiketi ya jioni ya mishumaa, ambayo ndiyo inayosifiwa kuliko zote, muiache kwa mwaka mwingine. Tiketi itaandikwa kwa saa za huko, yaani 2:30 au 3:00, kwa hiyo mweleze Mama mapema ili naye asije akajiandaa kwa saa nyingine. Kazi yangu ni kutunza samani, vitambaa na picha katika nyumba za kale, na kwa miaka mingi nimewatembeza wageni katika nyumba za namna hiyo majira ya Krismasi, wengi wao wakiwa wazee wa umri wa Mama, hivyo ninayokuandikia nimeyaona kwa macho yangu katika miguu yao na katika nyuso zao.

Nianze na hoja ya mume wako, kwa sababu ndiyo nzito. Katika nyumba nyingi za kale zinazofunguliwa kwa watalii, Krismasi ni jambo lililoongezwa baadaye ili kuvuta wageni wakati wa baridi, na mtu akisema kwamba ni miti na taa tu, hajakosea sana. Biltmore ina historia tofauti. Ujenzi wake ulianza mwaka 1889, ukachukua miaka sita, na mwenye nyumba, George Washington Vanderbilt, akachagua mkesha wa Krismasi wa mwaka 1895 kuwa siku ya kuwakaribisha ndugu na marafiki zake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 33 na hajaoa. Mama yake, kaka zake, dada zake na watoto wao walikuja kwa treni, na katika ukumbi mkubwa wa karamu uliwekwa mti wa Krismasi ambao chini yake walipangiwa zawadi wafanyakazi wa shamba pamoja na watoto wao. Kwa hiyo mtu anayeingia humo Desemba anaiona nyumba ikiwa katika kazi ile ile iliyoizindua. Mwambie Mama jambo hilo kabla hamjafika mlangoni, kwa kuwa mtu wa Marangu hahitaji maelezo marefu kuhusu nyumba iliyojengwa ili ukoo ukutane Krismasi. Ameona maisha yake yote magari yakipanda mlima kila Desemba, yakiwarudisha watoto wa Uchagani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na ameona nyumba ambazo hukaa zimefungwa mwaka mzima zikisubiri wiki mbili hizo.

Ukiwa barabarani utakuwa na muda wa kumsimulia fedha zilikotoka. Babu yake George, Cornelius Vanderbilt, alianza na mashua ya kuvusha watu katika bandari ya New York, akaendelea hadi meli za mvuke, kisha reli, na alipofariki alikuwa miongoni mwa watu matajiri kuliko wote Marekani. George, aliyezaliwa mwaka 1862, alikuwa mdogo katika watoto wa William Henry Vanderbilt, kijana mpole aliyependa vitabu kuliko biashara. Mwaka 1888 alifika Asheville pamoja na mama yake, akaipenda milima na hewa ya huko, akaanza kununua ardhi kidogo kidogo hadi ikafikia takriban ekari 125,000. Msanifu majengo wake alikuwa Richard Morris Hunt, ambaye aliiga makasri ya Ufaransa kama Blois, Chenonceau na Chambord, na aliyefariki Julai 1895, miezi michache kabla ya sherehe ya kuifungua nyumba. Mpangaji wa bustani na ardhi alikuwa Frederick Law Olmsted, yule yule aliyeshiriki kubuni bustani ya Central Park ya New York. Ili kupata vifaa vya ujenzi palijengwa reli ya maili tatu kutoka kijiji cha jirani hadi kwenye eneo la kazi, mawe ya chokaa yakaletwa kutoka Indiana, na tanuri la hapo hapo likawa linatoa matofali 32,000 kwa siku. Matokeo yake ni nyumba yenye vyumba 250, ambamo 35 ni vya kulala, 43 ni bafu, na mahali pa kuotea moto ni 65. Watoto wako watazipenda hesabu hizo, na yule wa miaka kumi unaweza kumpa kazi ya kuhesabu sehemu za kuotea moto atakazoziona.

Mkishapita lango, mwombe dereva aende polepole. Barabara ya kuingilia ina urefu wa maili tatu, na Olmsted aliichora kwa makusudi ipite katikati ya miti, vijito na mabonde bila kuonyesha hata pembe ya jumba, mpaka mgeni anapogeuka mara ya mwisho na kulikuta lote mbele yake. Wengi huipita njia hiyo wakiwa wameinamia simu, wakitafuta tiketi zao. Tiketi itafuteni kabla ya lango. Kutoka maegesho kuna mabasi madogo yanayowapeleka wageni hadi karibu na mlango, na Mama asikubali kutembea umbali huo kwa heshima ya kutotaka kuwasumbua vijana, kwa sababu nguvu za magoti yake zitahitajika ndani.

Sasa niseme kuhusu mchana na usiku. Mapambo ni yale yale. Tofauti ni kwamba jioni taa hupunguzwa ili mwanga wa mishumaa na wa moto utawale, kuna muziki wa waimbaji na wapiga ala, na bei ya tiketi huwa juu zaidi. Uzuri wake siupingi hata kidogo. Mtu anayeijua nyumba, mwenye miguu mizima, akiingia humo usiku hupata kitu cha kukumbuka miaka mingi. Lakini mgeni wa mara ya kwanza anayependa kuelewa anachokiona huondoka usiku akiwa ameona mng'aro tu, kwani nakshi za mbao, picha zilizofumwa kwenye vitambaa vya ukutani na dari zilizochorwa humezwa na giza. Isitoshe, ngazi za mawe katika mwanga hafifu, huku watu wakisukumana nyuma yako, si mahali pa mtu mwenye magoti mabovu. Katikati ya Desemba jua la Asheville huzama saa kumi na moja na dakika kama ishirini jioni. Mkiingia saa tisa, mkatumia saa mbili ndani, mtakuwa mmeanza ziara kwa mwanga wa kutosha kuona kila kitu na kuimaliza wakati madirisha yanaanza kuwa meusi na taa za miti zinashika nguvu. Na mtakapotoka nje, mti mkubwa ulio hai kwenye uwanja wa mbele ya nyumba utakuwa umewashwa taa zake. Hivyo mtapata nyakati zote mbili kwa tiketi moja ya mchana. Bei hubadilika kulingana na siku, na siku za katikati ya wiki kwa kawaida ni nafuu kuliko Jumamosi, kwa hiyo linganisheni tarehe kadhaa na mtazame utaratibu wa bei za watoto kabla ya kulipa.

Ukishavuka mlango, upande wa kulia utaona bustani ya ndani yenye paa la kioo na chemchemi katikati, iliyopambwa kwa sanamu iliyochongwa na Karl Bitter. Msisimame hapo muda mrefu, ingawa kila mtu husimama kupiga picha. Nendeni moja kwa moja kwenye ukumbi wa karamu, mtafute mahali pembeni ambapo Mama anaweza kutulia, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha safari yenu. Dari lake liko juu takriban mita 21. Mwisho mmoja wa ukumbi una sehemu tatu za kuotea moto zilizopangwa safu moja, mwisho wa pili una roshani ya kinanda kikubwa cha mabomba, na kwenye kuta kuna vitambaa vya karne ya 16 vilivyofumwa picha za miungu ya Kirumi. Humo husimamishwa kila Novemba mti wa futi 35, yaani zaidi ya mita kumi, unaobebwa na makumi ya wafanyakazi na kuinuliwa kwa kamba na nguvu za mikono, na katika ukumbi ule mti huo unaonekana wa saizi ya kawaida tu. Mweleze mtoto wako wa miaka sita kwamba mti ule ni mrefu kuliko nyumba yenu, kisha muache autazame mwenyewe toka chini hadi juu.

Mti wenyewe una habari yake, na Mama, ambaye amekulia pembeni mwa msitu wa mlima, ataitaka. Ni mti wa jamii ya misonobari unaoitwa Fraser, kwa jina la mtaalamu wa mimea wa Uskoti, John Fraser. Kwa asili humea katika milima ya juu ya kusini mwa Appalachia peke yake, yaani hapo hapo magharibi mwa North Carolina na majimbo jirani. Hupendwa kwa Krismasi kwa sababu majani yake hayapukutiki upesi hata yakikauka, matawi yake ni imara kiasi cha kubeba mapambo mazito, na harufu yake ni nzuri. Wakulima wa milima hiyo wameufanya zao lao kuu la miti ya Krismasi, na jimbo hilo hushika nafasi ya pili kwa zao hilo nchini Marekani, nyuma ya Oregon. Mpe Mama nafasi ya kunusa. Sisi tuliozoea tawi la mvinje au la msonobari wa kwetu lililochomekwa kwenye ndoo ya mchanga sebuleni huijua Krismasi kwa pua kabla ya macho, na nimeona wazee waliokuwa wamechoka wakichangamka kwa harufu hiyo pekee.

Hapa sina budi kumtahadharisha mtu anayetaka ukweli wa historia. Mti wa ukumbi wa karamu unaendeleza desturi ya mwaka 1895, lakini sehemu kubwa ya miti mingine, mashada na riboni mtakayoyaona katika vyumba vingine ni kazi ya wapambaji wa leo, ambao kila mwaka huja na wazo jipya. Ni kazi ya ustadi na ninaiheshimu, ila msiichukue kuwa picha kamili ya jinsi familia ile ilivyopamba. Kwa maoni yangu vipo vyumba ambamo mapambo huzidi mpaka yanafunika samani ambazo ndizo zilizopaswa kuonekana. Mkikutana na chumba cha namna hiyo, nyanyueni macho mtazame dari na kuta, kwani huko mpambaji hafiki.

Kuna vyumba viwili katika orofa hiyo ya kwanza ambavyo ningemsimulia Mama kwa utulivu. Cha kwanza ni chumba cha muziki. Siku ile ya mkesha wa Krismasi 1895 kilikuwa hakijamalizika, na kiliendelea kuwa gofu ndani ya jumba la fahari hadi mwaka 1976, ndipo kikakamilishwa. Katika miaka hiyo ya kuwa tupu kilifanya kazi moja kubwa: wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilipohofia mashambulizi dhidi ya Washington, Jumba la Taifa la Sanaa lilihamishia humo kwa siri baadhi ya hazina zake, zikalindwa kuanzia mwaka 1942 hadi 1944. Chumba ambacho tajiri hakukimaliza ndicho kilichohifadhi urithi wa taifa. Cha pili ni maktaba, yenye rafu za vitabu takriban 10,000 vilivyopanda mpaka roshani, chini ya mchoro wa dari wa Giovanni Antonio Pellegrini ulioletwa kutoka kasri moja la Venice. Mwalimu mstaafu atataka kukaa humo, na apewe muda wake. George alikuwa msomaji wa kweli, aliyeweka kumbukumbu ya vitabu alivyovisoma tangu alipokuwa mtoto.

Kuhusu magoti, ngazi kuu ya jumba ni ya mzunguko, inafuata mfano wa kasri la Blois, na ina vidato 102 kutoka chini mpaka juu. Katikati yake inaning'inia thurea ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 770, iliyofungwa juu kwa bolti moja tu. Itazameni kutoka chini, kisha Mama asiipande yote. Nyumba ilijengwa ikiwa na lifti tangu mwanzo, jambo la ajabu kwa zama hizo, lakini nyumba ya mwaka 1895 haikupangwa kwa viti vya magurudumu, na idadi ya watu wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja katika sehemu za juu hudhibitiwa kwa sababu za usalama wa moto. Pigeni simu siku chache kabla, mweleze hali ya mgonjwa wenu kwa uwazi, muulize orofa zipi atafikishwa kwa lifti siku hiyo na kama kiti cha magurudumu kitapatikana mlangoni. Akikataa kiti kwa sababu ya heshima yake, msilazimishe. Mwambieni ni cha kuwekea makoti, naye atakikalia mwenyewe baada ya nusu saa. Na ikibidi kuchagua, orofa za juu zenye vyumba vya kulala ndizo za kuachwa. Zinapendeza, lakini baada ya kitanda cha tatu chenye pazia mgeni huanza kuona vinafanana.

Sehemu ambayo nisingependa Mama aikose ni orofa ya chini ya ardhi, ingawa kuna ngazi za kushuka na mtahitaji kwenda naye hatua kwa hatua. Wageni wengi huifikia wakiwa wamechoka, huipita haraka wakitafuta mlango wa kutokea, na hivyo huikosa nusu ya nyumba. Huko utaona bwawa la kuogelea lililowekwa taa chini ya maji, na chumba cha kuchezea boling, vitu ambavyo watoto watavifurahia. Lakini muhimu zaidi ni majiko. Kuna jiko kuu, jiko la maandazi na keki, na jiko la kuchomea nyama peke yake, kisha vyumba vya baridi vya kuhifadhia chakula, chumba cha kufulia chenye fremu za kukaushia nguo zinazovutwa kutoka ukutani, chumba cha chakula cha watumishi, na vyumba vyao vya kulala, vidogo na safi, vyenye kitanda cha chuma na kabati moja. Ukutani kuna vyombo vya kengele ambavyo kwavyo mgeni aliyekuwa orofa ya tatu aliweza kuita mtu bila kuinuka kitini. Simama hapo umwambie Mama: karamu yote ya kule juu ilipikwa hapa, na vitambaa vyake vikafuliwa na kupigwa pasi hapa hapa. Kwa desturi ya nyumba hizo, Krismasi ndiyo ilikuwa siku ya kazi nyingi kuliko zote kwa watu wa orofa hii, na zawadi walizopokea chini ya mti walizipokea kati ya zamu na zamu. Baada ya George kumwoa Edith Stuyvesant Dresser mwaka 1898, bibi huyo aliendeleza desturi ya zawadi kwa watoto wa wafanyakazi, akihakikisha kila mtoto amepata ya kwake. Hilo ni jema, na linafaa kusemwa pamoja na hilo la kwanza, pasipo kuficha lolote.

Katika orofa hiyo hiyo kuna chumba kilichochorwa kuta zote kwa rangi kali, kinachoitwa chumba cha Halloween. Jina hilo lina makosa. Michoro ilifanywa na wageni wa binti yao Cornelia na mumewe, John Cecil, mwishoni mwa mwaka 1925, wakijiandaa kwa karamu ya kufunga mwaka, hivyo chumba hicho kina uhusiano na majira mtakayokuwa mnayaadhimisha kuliko jina lake linavyodokeza.

Mnapotoka, bado kuna jambo moja ambalo mapambo hayawezi kulieleza, na ambalo sisi Waafrika tunaoishi nchi hiyo tunastahili kulijua. Sehemu ya ardhi aliyoinunua Vanderbilt ilikuwa makazi ya Wamarekani Weusi yaliyoitwa Shiloh. Wakazi waliuza, wakahamia upande mwingine, na kanisa lao likahamishwa pamoja nao. Miongoni mwa mamia ya watu waliojenga jumba lile walikuwamo wafanyakazi Weusi wengi, na mwaka 1892 Vanderbilt alikubali kugharamia jengo la kukutania na kujifunzia kwa ajili yao katikati ya mji wa Asheville, baada ya kuombwa na viongozi wa jumuiya hiyo, Isaac Dickson na Edward Stephens. Liliitwa Young Men's Institute, na mwaka 1906 jumuiya yenyewe ililinunua kwa dola 10,000. Jengo bado limesimama. Mkilala Asheville, asubuhi mpitishe Mama mbele yake, hata kama ni kulitazama kutoka ndani ya gari. Amejua sasa majina ya mwenye nyumba na msanifu wake, na ni haki ajue pia majina ya hawa.

Nirudi kwa mume wako na fedha zake. George alifariki mwaka 1914 akiwa na miaka 51 tu, na mwaka huo huo mjane wake aliiuzia serikali takriban ekari 87,000 za misitu kwa bei ndogo, ambazo zikawa msingi wa Msitu wa Taifa wa Pisgah. Msitu huo ulikuwa umetunzwa kitaalamu tangu alipoajiriwa mtaalamu wa misitu Gifford Pinchot mwaka 1892, na humo ndimo mrithi wake, Carl Schenck, alifungua mwaka 1898 shule ya kwanza ya misitu nchini Marekani. Kisha mwaka 1930, wakati wa mdodoro mkuu wa uchumi, Cornelia na mumewe waliifungua nyumba kwa umma, ili kuuletea mji watalii na kuipatia nyumba fedha za kujiendesha. Mpaka leo ni mali ya ukoo huo, imebaki na ekari takriban 8,000, na inatunzwa kwa fedha za wageni. Najua kitambaa kimoja cha ukutani kinavyoweza kumchukua fundi miezi mingi kukisafisha na kukishona, kwa hiyo bei ya tiketi hainishangazi. Hata hivyo ni bei kubwa kwa familia, na siwezi kusema kwamba zawadi za watoto ni jambo dogo. Ninachoweza kusema ni kwamba Mama hatakuja kila Desemba. Kama fedha hazitoshi kwa wote, nendeni ninyi wawili, wewe na Mama, na baba abaki na watoto. Ziara ya saa mbili ndani ya nyumba isiyoguswa kitu ni ndefu kwa mtoto wa miaka sita.

Yaliyobaki ni ya njia na hali ya hewa. Kutoka Greensboro ni mwendo wa takriban saa tatu kwa barabara ya I-40. Baada ya mji wa Old Fort kuna mpando mkali wenye malori mengi, na kurudi usiku kwa kuushuka, kukiwa na ukungu au barafu, sikushauri. Laleni Asheville mkiweza. Mafuriko ya kimbunga Helene, Septemba 2024, yaliharibu vibaya kijiji kilicho nje ya lango, likiwamo kanisa la All Souls ambalo Hunt alilichora na ambamo Cornelia alifungia ndoa mwaka 1924, lakini jumba lenyewe liko juu kilimani na lilifungua tena milango yake tarehe 2 Novemba mwaka huo huo, Krismasi isije ikapita. Asheville iko chini ya Marangu kwa mwinuko, yapata mita 650 tu, ila usiku wa Desemba baridi hushuka mpaka nyuzi sifuri na hata chini ya hapo, kwa hiyo Mama avae soksi nzito na viatu visivyoteleza, wala asidanganyike na jua la mchana. Ndani, mapazia mengi yatakuwa yameshushwa na taa za vyumba zitakuwa hafifu hata alasiri. Hufanywa hivyo kwa sababu mwanga hufifisha nyuzi na rangi bila kurudi nyuma, na ndiyo maana kamera zisitumiwe na mwako. Mwambie pia asishike matawi wala riboni, ila kunusa hakumdhuru mtu.

Na watoto watauliza, kama wanavyouliza wote, ikiwa kuna mtu anayelala katika vile vitanda. Hakuna. Wa mwisho wa familia kuishi humo alikuwa John Cecil, aliyekaa katika upande mmoja wa jumba hadi alipofariki mwaka 1954. Tangu hapo, mlango mkubwa ukifungwa jioni, hubaki walinzi na ule mti ukumbini.